Kutolewa figo yenye saratani: maswali ambayo wagonjwa na ndugu huuliza

Nitaishi vipi na figo moja?
Swali hili ndilo linalowanyima watu usingizi kuliko hata saratani yenyewe. Figo moja yenye afya inatosha kusafisha damu, na baada ya muda huongeza kazi kufidia iliyoondoka. Wapo watu waliozaliwa na figo moja, wakazeeka bila kujua. Muhimu ni hali ya ile inayobaki. Ndiyo maana kabla ya upasuaji hupimwa kreatinini kwenye damu, yaani taka inayoonyesha figo zinasafisha vizuri kiasi gani, na picha ya CT, ile ya mionzi inayoonyesha ndani ya mwili, huangalia mafigo yote mawili.

Lazima figo yote itolewe?
Hapana. Uvimbe usiozidi sentimita 4 mara nyingi hukatwa wenyewe na figo ikabaki. Mkubwa zaidi, au ulioingia kwenye mishipa mikubwa ya damu, mara nyingi hulazimu kuitoa yote. Muulize daktari wako waziwazi kwa nini amechagua njia aliyochagua. Ni haki yako.

Nijiandae vipi nyumbani?
Ukivuta sigara, acha leo. Mapafu yanayopumzishwa wiki nne au zaidi hustahimili nusu kaputi vizuri zaidi. Andika dawa zote unazotumia, za mitishamba zikiwemo, uende na orodha hiyo kliniki. Usione haya kutaja ya mitishamba, kwani nyingine huongeza kutokwa damu. Aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda daktari ndiye atakayesema zisimamishwe lini. Usiziache mwenyewe, wala dawa za presha na sukari.

Hospitali nyingi huomba ndugu wachangie damu. Lipangeni mapema, msisubiri siku ya kulazwa.

Chakula kwa kawaida husimamishwa saa 6 kabla ya nusu kaputi, na maji matupu saa 2 kabla, ila fuata muda utakaopewa wodini. Chai ya maziwa huhesabiwa kama chakula.

Nikizinduka nitajikuta na nini?
Dripu, mpira wa mkojo, pengine na mrija wa kutoa majimaji karibu na kidonda. Usishtuke, huondolewa kimoja kimoja. Siku ya pili wauguzi watakuinua utembee. Utaona kama wanakuonea, lakini mgonjwa anayelala tu huganda damu miguuni, na donge likipanda mapafuni linaweza kuua. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto tumboni.

Aliyepasuliwa kwa matundu madogo mara nyingi huruhusiwa baada ya siku chache. Wa mkato mkubwa hukaa zaidi.

Nikiumwa nyumbani ninywe nini?
Hapa naomba familia nzima isikilize. Diklofenaki na ibuprofeni, zile zinazonunuliwa duka la dawa kwa kila maumivu ya mgongo, huweza kuiumiza figo iliyobaki. Usizitumie bila ruhusa ya daktari anayekufuatilia. Parasetamoli kwa kipimo ulichoandikiwa ni salama zaidi. Kila utakapokwenda kutibiwa ugonjwa wowote, hata miaka ijayo, anza kwa kusema: nina figo moja.

Kazi je?
Kwa takriban wiki 6 usinyanyue kinachozidi kilo 5 hivi. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, kwa hiyo maji yatachotwa na wengine, na mtoto atabebwa na wengine. Kutembea ni ruhusa kila siku. Tendo la ndoa linaweza kurudi kidonda kikipona na maumivu yakiisha. Muulize daktari siku ya kliniki.

Nirudi hospitali haraka nikiona nini?
Homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha kwenye kidonda, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kubana, mkojo wenye mabonge ya damu, au mkojo kukatika.

Nitahitaji tiba ya kemikali?
Aina kuu ya saratani ya figo kwa watu wazima haisikii sana dawa hizo, hivyo usihofu ukiona hukuandikiwa. Majibu ya maabara ya uvimbe uliotolewa ndiyo yataonyesha kama unahitaji dawa za kuamsha kinga ya mwili au ufuatiliaji tu. Yafuatilie mpaka uyapate. Kliniki huendelea kwa miaka, kwa kipimo cha presha, kreatinini na picha za tumbo na kifua. Kifua hupigwa picha kwa sababu saratani hii ikirudi, mara nyingi huonekana mapafuni, na mtu anaweza asisikie dalili yoyote.