Meza Tupu si Nafasi: Chakula, Bili na Kubuku Melini

Juma lililopita, saa kumi na nusu alfajiri, simu yangu ililia. Alikuwa mke wa mpwa wangu anayeishi Texas, yuko safarini kwa meli ya kitalii na mumewe na watoto wawili, wametoka bandari ya Galveston wanaelekea kisiwa cha Cozumel, Meksiko. Kwao ulikuwa bado usiku, ndiyo kwanza wameinuka mezani. Alinitumia picha ya risiti ya mgahawa wa steki wa melini na maneno matatu chini yake: "Mjomba, tumeibiwa sana."

Nikaisoma. Watu wazima wawili, dola 65 kila mmoja. Watoto wawili, dola 15 kila mmoja. Soda nne za dola 4. Juu ya hayo yote, asilimia 18 ya huduma. Jumla dola 207.68. Hesabu imenyooka, hakuna aliyemwibia hata senti. Lakini kabla sijamjibu akaongeza: "Si chakula cha meli ni bure? Na jana walituzuia mlangoni eti pamejaa, na meza tupu tunaziona kwa macho!"

Nimefanya kazi kwenye kumbi za kulia za meli za kitalii miaka 11. Nilianza kwa kubeba sinia nikiwa msaidizi wa mhudumu, nikamalizia nikiwa msimamizi wa mgahawa wa steki. Maneno hayo mawili, "ni bure" na "meza tupu tunaziona", nimeyajibu mlangoni, mezani, kwenye lifti, na sasa nayajibu nikiwa kitandani kwangu Mombasa. Nayaandika leo ili atakayeuliza tena nimtumie hapa.

La kwanza nitalimaliza haraka. Melini hakuna chakula cha bure. Kuna chakula ulichokwisha kukilipia ndani ya nauli, na hicho ni kingi kuliko watu wanavyodhani. Ukumbi mkuu wa kulia umelipiwa, asubuhi na jioni. Bafe imelipiwa. Piza nayo kwa kawaida imelipiwa. Chai, kahawa ya kawaida, maji ya bomba ya mezani, vyote umelipia. Na ukiwa ukumbi mkuu, agiza vianzio viwili, yaani vile vyakula vidogo vya kufungulia mlo, kama umevitamani. Watu wetu huona haya, hukaa na sahani moja mbele yao wakiogopa kuonekana walafi, kumbe mhudumu angefurahi kuwaletea.

Soda hujalipia, pombe hujalipia, kapuchino hujalipia, isipokuwa umenunua pakiti ya vinywaji. Kuletewa chakula chumbani kunategemea kampuni. Zamani ilikuwa kawaida bila malipo, lakini Royal Caribbean, kwa mfano, ilianza kutoza dola 7.95 kwa kila agizo mwaka 2017, ikaacha kifungua kinywa chepesi peke yake bila malipo. Carnival nao wakaweka dola 5 kwa mlo mkuu wa tatu kwenye ukumbi mkuu: wa kwanza na wa pili umelipia, wa tatu unalipa. Soma masharti ya kampuni yako kabla hujapanda. Siyo ya rafiki yako aliyesafiri mwaka juzi na kampuni nyingine.

Na asikudanganye mtu kwamba migahawa ya kulipia mbali, kama huo wa steki, ni hila ya juzi. Meli ya Kijerumani iliyoitwa Amerika ilikuwa na mgahawa wa Ritz-Carlton wa kulipia mbali tangu mwaka 1905. Titanic mwaka 1912 ilikuwa nao kwa abiria wa daraja la kwanza, ukiendeshwa na mwenye migahawa wa London aitwaye Luigi Gatti, na abiria aliyeamua kula huko safari nzima alipunguziwa nauli. Hilo la kupunguziwa ningependa lirudi. Leo ukila kwenye mgahawa wa kulipia siku zote saba, ukumbi mkuu umeulipia vilevile.

Sasa lile la meza tupu, ambalo ndilo linalonitoa usingizini.

Mgahawa wangu wa mwisho ulikuwa na viti 96. Abiria anasimama mlangoni saa mbili usiku, anachungulia, anaona meza saba hazina watu, na mimi namwambia, "Samahani, tumejaa." Anachosikia ni kwamba namfanyia kiburi, au nawawekea wenye pesa. Wapo walioniuliza waziwazi kama ni kwa sababu ya rangi yao, na swali hilo sikulipuuza hata siku moja, kwa sababu najua linatoka wapi. Kwa hiyo nilikuwa nikipata nafasi nawaingiza hatua tatu hadi kwenye kidirisha cha jikoni, waone wenyewe.

Ukisimama pale, unaona hivi. Jiko la mgahawa ule lilikuwa dogo kama sebule ya nyumba ya Kisauni, huku Mombasa. Linakwenda kwa umeme, kwa sababu moto wa wazi baharini ni hatari tupu. Kwenye kichomeo wamesimama wapishi wawili, mmoja anageuza, mmoja anapima kiini cha nyama kwa kipimajoto chembamba kama sindano. Kichomeo kinachukua steki kumi na sita, basi. Steki nene ya kuiva wastani inahitaji kama dakika kumi na tano, kisha dakika tano nyingine ipumzike kwenye sinia, la sivyo ukiikata maji yake yanamwagika kwenye sahani. Juu ya kidirisha kuna reli ya karatasi za maagizo. Reli ikijaa hadi ukingoni, mpishi mkuu hanyanyui hata macho. Anainua mkono tu, na mkono ule maana yake ni mlangoni asiingie mtu.

Kwa hiyo nilikuwa naingiza watu kumi na sita kila robo saa. Hesabu hiyo ndiyo inayofungua na kufunga mlango, hata viti viwe vingi namna gani. Meza saba ulizoziona tupu saa mbili zina wenyewe: mbili za saa mbili na robo, tatu za saa mbili na nusu, na mbili ni za watu waliomaliza mapema ambazo nikizijaza sasa hivi, mtu aliyekaa tangu saa moja na dakika arubaini na tano atasubiri nyama yake hadi saa tatu na nusu. Ningeweza kukukalisha wewe, lakini hakuna wa kukupikia.

Ukilielewa hilo umeelewa karibu kila kitu kuhusu kubuku melini, na pia umeelewa unalipia nini. Watu hudhani dola 65 ni tofauti kati ya chakula kizuri na makombo. Sivyo hata kidogo. Ghala la chini ya meli ni lilelile, samaki walewale, mboga zilezile. Kipande cha nyama kweli ni tofauti, kinene zaidi na cha daraja la juu. Lakini zaidi ya hapo unalipia wapishi wawili wanaotazama steki kumi na sita. Ukumbi mkuu wa meli ile ulilisha watu 1,200 kwa zamu moja, na wote walitarajia mlo mkuu mezani ndani ya muda uleule. Huko hawapiki kwa mtu mmoja mmoja, wanapika kwa mafungu, wakijua tangu asubuhi kwamba usiku wa pili wa safari watu wengi wataagiza nyama na usiku wa nne wataagiza samaki. Ndiyo maana zamu zenye saa maalumu, kama saa kumi na mbili na saa mbili na nusu, zinawafaa sana wapishi. Na ndiyo maana mchuzi na nyama zilizopikwa polepole za ukumbi mkuu mara nyingi zilinishinda mimi mwenye mgahawa wa kulipia. Nilikuwa nateremka huko siku ya mguu wa kondoo.

Hivyo hata pasipo na malipo, kubuku kupo. Meli za Virgin Voyages, zilizoanza kubeba abiria mwaka 2021, zimeingiza migahawa yao yote kwenye nauli na hazina bafe kabisa, na bado unabuku meza. Oceania nao migahawa yao maalumu haina malipo ya ziada, ila nafasi unaiomba. Kwa sababu jiko ni jiko.

Niwaambie basi namna ya kupata nafasi. Buku mtandaoni kabla ya safari, hasa kama mko sita au zaidi, maana meza kubwa ni chache na ndizo zinazoisha kwanza. Usipofanikiwa, nenda mgahawani siku ileile ya kupanda, mchana, kabla ya mizigo kufika chumbani. Sisi tulikuwa tunabakiza sehemu ya meza kwa watu wa namna hiyo. Usiku wa kwanza na wa mwisho huwa na nafasi. Usiku wa mavazi rasmi pia, kwa sababu ukumbi mkuu unatoa kambakoche na kila mtu amekimbilia huko. Ukiona saa mbili imejaa, uliza saa kumi na moja na nusu au saa tatu na robo. Na ukibuku usije, kampuni nyingi zitakutoza, kwa sababu nafasi yako kwenye kichomeo imekwenda bure. Kufuta ni siku moja au mbili kabla, kutegemea kampuni. Angalia pia saa ya meli na siyo ya simu, kwani simu ikishika mnara wa nchi kavu inajibadilisha yenyewe. Nimewahi kupokea familia nzima iliyovaa ikapendeza, imechelewa saa moja kamili, na hawakuwa na kosa lingine ila simu.

Pakiti ya migahawa nayo ina mtego wake: kununua pakiti siyo kubuku. Umelipia haki ya kula, hujashika saa ya kula. Kila safari walikuja watu siku ya nne wakiwa na pakiti mkononi na hawana hata meza moja. Hao niliwahurumia kweli, kwa sababu anayewauzia huwa hawaelezi vya kutosha.

Asilimia 18 ile, au 20 kwa kampuni nyingine, ni ya huduma, na ni tofauti na bakshishi ya kila siku inayowekwa kwenye hesabu ya chumba. Royal Caribbean, Novemba 2023, waliipandisha ikawa dola 18 kwa kila mtu kwa siku kwenye vyumba vya kawaida. Kwa kiwango hicho, familia ya watu wanne kwa siku saba ni dola 504. Jumlisha hiyo kwenye nauli kabla hujafurahia bei uliyoiona kwenye tangazo. Kisha nakuomba jambo moja, nalo nakuomba kwa moyo wote: usiende kuifuta kwenye dawati la wageni ukampa mhudumu wako dola ishirini mkononi ukidhani umetenda haki zaidi. Kwenye meli nilizofanya kazi, fedha zile zilifika hadi kwa watu ambao abiria hawaoni sura zao. Nilikula nao. Najua walizitumia kulipa karo za nani.

Ndugu zangu Waislamu, nyama ya melini msiichukulie kuwa ni halali kwa sababu tu haina nguruwe. Omba kwa maandishi wakati wa kukata tiketi, na usiku wa kwanza mwone msimamizi wa ukumbi mkuu. Atakuletea menyu ya kesho usiku wa leo, uchague, uandaliwe mbali. Ndivyo tunavyofanya pia kwa wenye mzio wa karanga au samaki. Ukingoja hadi sahani ifike, umechelewa.

Lipo linalonisumbua, na kwa miaka yote niliyovaa koti la usimamizi sikulisema. Kadiri migahawa ya kulipia ilivyoongezeka, niliona menyu ya ukumbi mkuu ikipungua mistari, na mhudumu mmoja akipewa meza zaidi. Sidhani ni bahati tu. Nilikuwa naamini, na bado nusu yangu inaamini, kwamba anayelipa ziada anawapunguzia wengine msongamano na hivyo wote wanafaidika. Nusu nyingine inaona kwamba tulikuwa tunamuuzia abiria mara ya pili utulivu aliokwisha kuulipia. Sijapata jibu linalonitosha.

Mke wa mpwa wangu nilimpigia kulipopambazuka. Nikamweleza habari ya kichomeo na karatasi za maagizo, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwa hiyo zile meza zilikuwa za watu?" Nikamwambia zilikuwa za watu. Akasema kesho ni usiku wa mavazi rasmi, na mgahawa wa steki una nafasi saa mbili kamili, je, warudi? Nikamwambia waende ukumbi mkuu wakale kambakoche, maana huyo wameshamlipia, na watoto wakitaka kianzio cha pili waagize.