Kujenga amani ni nini, na kwa nini si sawa na kulinda amani

Mtaje mlinda amani kwa mtu wa Goma au Bunia, mashariki mwa Kongo, naye atajua unamzungumzia nani: kofia ya buluu, gari jeupe, doria barabarani. Mtaje mjenzi wa amani, na huenda akakuuliza huyo naye ni nani. Kazi yake haina sare. Mara nyingi haina hata ofisi.

Msomi wa Norway, Johan Galtung, ndiye aliyezipambanua kazi hizi miaka ya 1970. Kulinda amani ni kusimama kati ya wanaopigana ili wasifikiane. Kupatanisha ni kuwaketisha viongozi wao mpaka watie saini. Kujenga amani ni kuyashughulikia yale yaliyowafikisha watu kwenye panga na bunduki: ardhi, malisho, vijana wasio na kazi, mahakama ambazo nusu ya wananchi hawaziamini, ndugu aliyeuawa na hakuna aliyeulizwa. Kabla ya hapo, mwaka 1964, alikuwa ameshatenganisha amani hasi, yaani watu hawapigani, na amani chanya, yaani sababu za kupigana zimepungua. Tofauti hiyo inatuhusu sana. Katika siasa zetu neno "amani" hutumika mno kwa maana ile ya kwanza, na anayedai haki yake huambiwa anaivuruga.

Umoja wa Mataifa uliitia dhana hii katika lugha yake mwaka 1992, wakati wa Katibu Mkuu Boutros Boutros-Ghali, lakini kama kazi ya baada ya vita. Mwaka 2005 ikaundwa Tume ya Kujenga Amani, na Burundi na Sierra Leone zikawa nchi za kwanza kushughulikiwa nayo. Ilichukua hadi 2016 kwa Baraza la Usalama na Baraza Kuu kutamka kwa maazimio kwamba kazi hii inaanza kabla ya vita, inaendelea vikiwapo, na haikomi vikiisha. Kongo inaonyesha pengo lililokuwapo: askari wa Umoja wa Mataifa wako huko tangu 1999, na bado Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23 askari hao wakiwamo.

Kinyume chake ni Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yalikuwa yamechacha. Ukame ulikuwa umeua mifugo, serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka Januari 1991 na silaha zikavuka mpaka pamoja na wakimbizi, na koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zilikuwa zikiuana. Polisi hawakuaminika, kwa sababu watu wa huko hawakusahau mauaji ya 1984 kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, yaliyofanywa na vyombo vya dola.

Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianzia sokoni. Soko lilikuwa limegawanyika: mama wa ukoo huu hauzi kwa wa ukoo ule, na wengine walizuiwa hata kuingia. Wakakubaliana kwamba soko libaki wazi kwa kila mtu, wakaweka watu wa kuliangalia kila siku na kumaliza ugomvi papo hapo. Unaweza kusema hilo ni jambo dogo. Lakini mji ambao mama hawezi kununua maziwa kwa jirani yake umeshaingia vitani, hata kama bunduki bado hazijalia.

Kutoka hapo wakawaendea wazee, na ujanja wao naupenda sana: waliyemtanguliza kuzungumza alikuwa mzee wa ukoo mdogo kuliko koo zote, ambaye hakuna aliyeweza kumshuku kwamba anataka kutawala. Mwaka 1993 wazee wa koo walifikia maafikiano ya Al-Fatah. Wakafuatwa vijana waliokuwa na bunduki, kwa hoja ya riziki zaidi kuliko ya wema. Mwaka 1995 kukawa na kamati ya amani ya wilaya iliyowaweka pamoja wazee, wanawake, vijana, mashirika na maofisa wa usalama. Ngamia wakiibwa, ujumbe wa watu mchanganyiko ulikwenda mara moja, kabla wenye ngamia hawajaenda wenyewe. Mwaka 2007 Dekha alipata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood.

Mfano huo ulisambaa katika wilaya nyingine za Kenya, hasa baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, yaliyoua zaidi ya watu 1,100. Kabla ya kura ya maoni ya katiba ya Agosti 2010, mpango wa Uwiano uliwawezesha wananchi kutuma ujumbe mfupi bila malipo kwa namba 108 wakiona vipeperushi vya chuki au vijana wakikusanywa. Hii ndiyo huitwa tahadhari ya mapema. Taarifa peke yake haizuii kitu. Lazima awepo mtu wa karibu wa kuipokea na kwenda. Kura ile ilipita kwa utulivu.

Kazi hii hainyimwi sifa tu, hunyimwa na fedha. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia walikadiria kwamba kuzuia migogoro kungeokoa kati ya dola bilioni 5 na bilioni 70 kwa mwaka. Lakini hakuna mpiga picha anayetumwa kwenye kijiji ambacho hakikuchomwa.

Wala Wajir haikutulia moja kwa moja. Mwaka 2014 koo za Degodia na Garre zilipigana tena mpakani na Mandera, safari hii serikali za kaunti zikiwa zimeanza kazi, na mipaka na vyeo vikawa kitu kipya cha kugombea. Wazee wakarudi kuketi.