Je, wajua? Kikosi cha watu kama elfu moja kinamzuiaje Mrusi asiingie Estonia

Estonia ina watu kama milioni 1.3, haina ndege zake za kivita, na ukisimama Narva, mji wake wa mpakani, ngome ya Ivangorod ya Urusi unaiona ng'ambo ya mto kabisa. Iliingia NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na wenzake, 2004, na tangu 2017 pale Tapa, kamji ka makutano ya reli, kuna kikosi kinachoongozwa na Waingereza, watu kama elfu moja hivi. Sasa hao kwa jeshi la Urusi si kifungua kinywa?

Wengi wanakimbilia Kifungu cha 5 cha NATO, eti akiguswa mmoja basi wote wanaingia vitani siku hiyohiyo. Sio kweli. Kifungu kinasema shambulio kwa mmoja ni shambulio kwa wote, sawa, ila kila nchi inasaidia kwa hatua itakayoona yenyewe inafaa, jeshi likiwa mojawapo tu, maana 1949 mkataba ulipoandikwa maseneta wa Marekani hawakutaka kuburuzwa vitani bila Kongresi yao kuamua. Kwa hiyo nchi ikituma dawa na mablanketi inaweza kabisa kudai imetimiza wajibu. Na kimetumika mara moja tu, baada ya Septemba 11, 2001, tena kumsaidia Marekani, yule mbabe mwenyewe! Estonia ikapeleka vijana Afghanistan, 9 wakafa huko.

Basi kazi ya kile kikosi cha Tapa ndo hapo inapoanzia. Chukulia umempangisha chumba mtoto wa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Kijana mwenyewe mwembamba, kupigana hajui, ila mwizi akilipima geti lako hamuwazi yeye, anamuwaza baba yake, maana kijana akiumizwa mzee hawezi kukaa kimya hata kama mwenye nyumba hamjui wala hampendi. Ndo maana kule Tapa hesabu sio wataua Warusi wangapi, ni kwamba Waingereza wakifa pale, London yenye silaha za nyuklia itashindwa kutuma mablanketi. Ukatili kidogo, lakini ndo mpango wenyewe.

Kama inafanya kazi kweli ni ngumu kuthibitisha, utapimaje vita ambayo haijatokea? Watafiti Dan Reiter na Paul Poast waliandika 2021 kwamba vikosi vidogo vya aina hii havitishi sana kama watu wanavyodhani, kwa sababu adui anaweza kuteka anachotaka kabla baba hajafika. Korea Kusini 1950 ilikuwa na washauri wa Kimarekani kama 500 na Kaskazini ikaingia tu.

Wabalti, yaani Estonia na jirani zake Latvia na Lithuania, nao wameshaishtukia hiyo. Lithuania sasa inapokea brigedi nzima ya Ujerumani ya kukaa moja kwa moja, lengo ni karibu watu 5,000 ifikapo 2027, na waliopigia debe jeshi la Mjerumani lirudi ni Walithuania wenyewe.