Si kila kamera ndogo ni ya kijasusi

Ukiona mtu anauza kamera ya zamani inayoenea kiganjani, mara nyingi ataiita “kamera ya jasusi”. Jina hilo linapandisha bei, lakini aghalabu si la kweli.

Chukua Hit, kamera ya Kijapani iliyosambaa baada ya Vita Kuu ya Pili. Ni ndogo kama kiberiti. Fungua mgongo wake utakuta nafasi ya filamu yenye upana wa milimita 17.5, nusu ya ile ya kawaida ya 35, iliyoviringishwa pamoja na karatasi. Unazungusha kitufe kusogeza filamu huku ukichungulia namba kwenye kidirisha chekundu cha nyuma. Lenzi haisogei; huwezi kurekebisha umbali. Sasa jasusi atapigaje picha ya waraka ulio mezani? Atapata ukungu mtupu. Zilikuwa zawadi na vitu vya kuchezea, basi.

Kamera ndogo ya Minox ndiyo iliyotumika kweli kwa ujasusi. Ilibuniwa na Walter Zapp, ikaanza kutengenezwa Riga, Latvia, na inaweza kulenga hata kitu kilicho karibu, sentimita 20 tu mbele yake. Lakini hata hiyo haikubuniwa kwa ajili ya majasusi; Zapp alitaka kamera ya kubebwa na mtu yeyote kila siku.

Kwa mkusanyaji, maandishi “Made in Occupied Japan” (imetengenezwa katika Japani iliyokaliwa) yana faida kuliko hadithi ya muuzaji: yanaonyesha kamera ilitengenezwa kabla ukaliaji wa Japani na majeshi ya Marekani na washirika wake baada ya vita haujaisha mwaka 1952.