Mifuko ya pipa la taka haikupigwa marufuku

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku, tarehe 1 Juni 2019, sisi tunaokagua usafi mitaani hatukosi kuulizwa: "Afisa, hata mfuko wa pipa si umekatazwa?" Haukukatazwa. Kanuni zile zile zilizoondoa rambo sokoni ziliruhusu plastiki za shughuli za afya, viwanda, ujenzi, kilimo na udhibiti wa taka. Kosa ni kuugeuza mfuko huo kuwa wa kubebea nyanya.

Anayefaidika kwanza ni mzoa taka. Pipa la Dar es Salaam limejaa machicha ya nazi, maganda ya ndizi na vichwa vya samaki. Kwa joto letu, siku mbili tu vinachuruzika, na yale maji yanamwishia mgongoni anayepakia guta. Nzi naye, kutoka yai hadi kuruka, huhitaji siku saba hadi kumi hivi, kwa hiyo gari likikosa zamu moja tumeshafuga. Salfeti ya mchele ambayo wengi wetu tunaitumia ni nzuri kwa taka kavu. Kwa machicha inavuja kama chujio.

Tandika mfuko mkubwa kuliko pipa, ukunje mdomo wake nje ya ukingo, uufunge ukifika robo tatu. Kisha, na hapa watu hunikodolea macho, toboa pipa lenyewe matundu mawili matatu ubavuni, karibu na kitako. Mfuko ulioshiba hung'ang'ania pipa kwa sababu hewa haipiti chini yake. Ukiuvuta kwa nguvu unachanika. Matundu hayo pia hutoa maji ya mvua wakati wa masika. Mbu aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengue iliyotusumbua jijini mwaka 2014 na 2019, hutaga kwenye maji yaliyotuama kama hayo.

Kwenye mapipa ya vituo vya daladala, adui wa mfuko ni chupa. Waokota chupa huuchana ili wazifikie, wala siwalaumu, ndiyo riziki yao. Wenye maduka jirani watundike kiroba cha chupa pembeni, mfuko utabaki mzima.

Mama lishe, jivu la jiko limwagie maji kwanza. Kaa moja la moto lililofichika linatoboa mfuko, na pipa la plastiki nalo haliliachi.