Amezima kwa pombe? Msimwache alale

Kiwango cha pombe kwenye damu ni nini?
Ni miligramu za pombe katika mililita 100 za damu. Sheria ya Kenya inamkataza dereva kupita 80. Na bodaboda ni dereva, tuelewane hapo.

Naweza kukisia changu?
Kwa makadirio tu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu kama 20 za pombe tupu. Mwanamume wa kilo 70 akipiga nne upesi anaweza kufika 150. Mwanamke wa uzito huohuo hupanda zaidi, kwani mwili wake una maji machache ya kuizimua. Tumbo tupu nalo huiharakisha. Kushuka ni kama 15 kwa saa: ukiwa na 150 saa 6 usiku, saa 11 alfajiri bado una kama 75. Kahawa, ndimu na kuoga baharini havipunguzi kitu.

Na mnazi?
Hapo hesabu inavunjika. Uliogemwa alfajiri ni mtamu, jioni umeshachachuka, na dumu la mangweni halina asilimia iliyoandikwa.

Mwenzetu amezima. Si akilala itamtoka?
La. Pombe iliyobaki tumboni inaendelea kuingia kwenye damu. Aliyezima saa 5 huenda saa 6 akawa na kiwango kikubwa zaidi.

Lakini anakoroma vizuri.
Hakuna vizuri hapo. Mtu asiyeamka akikoroma, huenda njia yake ya hewa inaziba. Mwiteni, msugueni kifuani kwa ngumi. Asipoamka, mleteni hapa hospitalini. Akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, au pumzi ikikatika sekunde 10, mleteni. Mwili umepoa, midomo na fizi zimebadilika rangi? Mleteni, kwa tuktuk, kwa chochote. Mnatuletea asubuhi, shati limelowa maji ya ndoo mliyommwagia, eti mlidhani ataamka!

Tumpe maziwa, au tumtapishe?
Msimtie chochote mdomoni. Matapishi yakiingia kwenye mapafu yanaua. Mlazeni ubavu, asilale chali, na mmoja asibanduke kwake mpaka mfike.

Alianguka na pikipiki kidogo tu kabla ya kuzima.
Basi msiniambie "ni pombe tu". Damu ikivuja ndani ya kichwa, naye huonekana mlevi. Mleteni usiku huohuo.