Mbwa Anayelia Ukitoka Nyumbani: Maswali na Majibu

Hofu ya kuachwa ni nini?
Ni hofu kali inayompata mbwa akibaki bila mtu wake. Hulia bila kukoma, hukwaruza mlango, hutafuna fremu ya dirisha, hujikojolea, hudondokwa mate hadi kifua kinalowa. Mara nyingi huanza ndani ya nusu saa baada ya wewe kutoka. Chakula ulichomwachia huenda asikiguse mpaka urudi.

Nikirudi nakuta kochi limechanwa, naye amejikunyata, mkia katikati ya miguu. Si anajua kosa lake?
Hajui. Anakusoma wewe: uso, sauti, hatua zako. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alichapisha jaribio ambalo mbwa walikatazwa kula kitafunwa, kisha wenye mbwa wakatoka chumbani. Ule uso wa "nimekosa" ulitokana na kukaripiwa, na ulijitokeza zaidi kwa mbwa waliokaripiwa ilhali hawakula chochote.

Kwa hiyo usimpige. Kochi lilichanwa saa tatu asubuhi, kipigo kinafika saa kumi na mbili jioni, hawezi kuviunganisha. Atakachojifunza ni kuogopa pia kurudi kwako.

Hata kidogo tu, kwa kandambili?
Hata kidogo. Si kwa kandambili, si kwa gazeti lililokunjwa, si kwa kiganja. Wala usimsugue pua kwenye mkojo wake. Hapa kwenye kliniki yetu ya mifugo tunaletewa mbwa ambao mwanzoni walikuwa wanalia tu. Wakapigwa, wakapigwa tena, na sasa wamevunja meno na kung'oa kucha wakijaribu kutoboa mlango. Mwenye mbwa anatuambia alidhani ni ukaidi. Si ukaidi, jamani. Ni hofu, na hofu haitoki kwa fimbo.

Nimfungie bandani au nimfunge mnyororo?
Mbwa mwenye kiwewe huuma vyuma vya banda mpaka fizi zinatoka damu, na mnyororo unaweza kumnyonga. Usifanye hivyo.

Jirani kanishauri nimpe dawa ya usingizi ya watu.
Usithubutu. Panadol nayo usimpe, inaweza kumharibu ini. Dawa za hofu zipo, kama fluoxetine na clomipramine, lakini daktari wa mifugo ndiye anayeziandika kwa uzito wa mbwa. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na bila mazoezi hazitoshi.

Mazoezi gani?
Anza na vile vinavyomshtua kabla hujatoka. Chukua funguo, vaa viatu, kisha kaa utazame televisheni. Rudia mpaka mlio wa funguo usimwinue tena alipolala. Halafu toka, funga mlango, rudi baada ya sekunde tano, kabla hajaanza kulia. Ongeza taratibu, ukichanganya muda mrefu na mfupi. Akilia, umeharakisha, kesho punguza.

Wengi hushindwa kwa sababu wanafanya mazoezi jioni, kisha asubuhi wanamwacha saa tisa mfululizo, na yote yanaharibika. Katika kipindi hiki asiachwe zaidi ya anavyoweza kuvumilia. Omba dada wa nyumbani, shangazi, au jirani anayempenda akae naye. Ni usumbufu, najua, lakini njia ya mkato haipo.

Nimletee mwenzake?
Mara nyingi haisaidii. Anachokosa ni mtu.

Nije kliniki lini?
Mapema, kabla majirani hawajakuandikia barua. Akiwa na damu mdomoni au kwenye makucha, ameruka dirishani, au amejilamba miguu mpaka vidonda, njoo leo. Mbwa mzee aliyeanza ghafla kukojoa ndani apimwe mkojo na damu kwanza, maana inaweza kuwa figo au kisukari. Kabla ya kuja, acha simu imrekodi nusu saa ya kwanza baada ya kutoka, utuletee hiyo video. Na katika siku hizo za kusubiri, usimpige.